Vitufe vimegoma, namba zinapandana

SWALI: Habari za kazi wakuu, natengeneza kontrola ya pampu ya maji kwa STM32 (chipu ndogo ya kuendesha vifaa), skrini ni ILI9341 ya pikseli 320 kwa 240 na vitufe vinne tu, tachi hakuna. Upande wa picha natumia emWin, laibrari ya kuchora madirisha kwenye skrini. Nikibonyeza kitufe dirisha langu halishtuki kabisa, na siku likishtuka namba inaruka mbili mbili. Halafu nina kidirisha cha presha nimekiweka juu ya picha ya tangi, nataka picha ionekane nyuma, ila kila presha ikibadilika namba mpya inaandikwa juu ya ile ya zamani mpaka inakuwa matope. Nisaidieni jamani. Msomaji, Mwanza.

JIBU: Salama kaka. Tuanze na vitufe. Kwenye emWin kitufe hakiendi kwa dirisha lililo juu, kinaenda kwa lenye fokasi, yaani lililochaguliwa kupokea vitufe, na dirisha la kawaida ulilolifungua kwa WM_CreateWindow halijipi fokasi lenyewe, so ukishalifungua tu liite kwa WM_SetFocus. Afu kwenye kolibeki yake (fankisheni ambayo emWin inaiita kukiwa na meseji ya dirisha hilo) lazima kuwe na WM_KEY, meseji ya kitufe, na meseji zote ambazo hujazishughulikia zipeleke WM_DefaultProc, inayozijibu kikawaida, watu wengi wanaisahau hii kisha wanailaumu laibrari.

Hiyo ya kuruka mbili mbili, hapo naona kabisa kinachotokea. Kitufe kimoja kinaleta meseji mbili, ya kubonyeza na ya kuachia, na wewe unaongeza namba kwenye zote mbili. Angalia PressedCnt ndani ya WM_KEY_INFO, ikiwa 0 maana yake kidole kimeshatoka, achana nayo. Kama bado inaruka ovyo basi ni kitufe chenyewe kinadunda, yaani mbonyezo mmoja unasomeka kama mingi, subiri milisekunde 20 hivi usome tena ndo uamini. Na kama unasoma vitufe ndani ya interapti (kodi inayokatiza kazi nyingine ghafla) tumia GUI_StoreKeyMsg, hiyo inaweka kwenye bafa, foleni ya kusubiri, tu na GUI_Exec inakuja kuichukua kwa wakati wake, GUI_SendKeyMsg inapeleka kwa dirisha hapohapo na kwenye interapti sio sehemu ya kuchezea mambo hayo.

Sasa matope. Meneja wa madirisha wa emWin haotei. Usipomwambia dirisha lina uwazi, yaani ya nyuma yaonekane, anaamini wewe mwenyewe utapaka eneo lote, kwa hiyo ya nyuma hayagusi, na wewe unaandika namba tu bila kufuta, lazima zipandane. Weka WM_CF_HASTRANS wakati wa kulitengeneza, hapo kila likichorwa upya ataanza na tangi ndo aje kwako. WM_CF_CONST_OUTLINE usiiweke, hiyo inamwambia umbo halibadiliki asihangaike na nyuma, wakati namba zako umbo linabadilika kila mara, utarudi kulekule. Na uchoraji wote ubaki ndani ya WM_PAINT, meseji ya kuchora, presha ikibadilika wewe ita WM_InvalidateWindow ya kuomba lichorwe upya basi, usichore kutokea kwenye kodi ya sensa.

Utaona inapepesa kidogo maana tangi linachorwa kwanza. Dawa ni WM_CF_MEMDEV, inachora kwanza kwenye memori (memdev) ndo ipeleke kwenye skrini kwa mkupuo, ila angalia memori: skrini nzima kwa biti 16 ni baiti 153,600, na kama chipu yako ni STM32F103C8 una KB 20 tu. Kidirisha cha 120 kwa 40 kinakula baiti 9,600 na kidogo zaidi kwa ajili ya uwazi, hiyo inabebeka ukibana vingine.

Ukija kutamani ule weusi wa kioo, nusu unaonekana nusu hauonekani, ujue emWin inabidi isome rangi zilizopo kwenye skrini kwanza ndo ichanganye, na wengi mkiunga ILI9341 kwa SPI (njia ya nyaya chache) waya wa MISO, ule wa kusoma kutoka kwenye skrini, mnauacha unaning'inia, hapo zitatoka rangi za ajabu mpaka utafikiri skrini imeungua. Changanyia ndani ya memdev, au unga huo waya.