Kwa mwanangu wa Paje, kuhusu mzigo wa Ujerumani

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika. Umeniuliza: yule mnunuzi wa Ujerumani anayetaka sabuni zako za mwani umkubalie, au ubaki na mahoteli ya Paje na maduka ya Mji Mkongwe uliyoyazoea? Mkubalie. Lakini ujue kwanza unaingia wapi.

Sisi wa karafuu hatusafirishi wenyewe. Tunachambua makonyo, tunaanika, tunapeleka kituoni, ZSTC, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, wanapima na kulipa. Mzigo ukipata tatizo ng'ambo, wa kwanza kuulizwa ni Shirika. Wewe huna Shirika mbele yako, utaulizwa mwenyewe.

Sabuni yako, kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, ni kipodozi. Kila aina lazima iwe na ripoti ya usalama iliyoandikwa na mtaalamu, na lazima awepo mtu au kampuni huko huko Ulaya anayebeba dhamana yake. Muulize mnunuzi: ni yeye? Kama siye, ni nani, na gharama ya nani? Halafu ile ya karafuu, ninayoipenda kuliko zote. Mafuta ya karafuu yamejaa yujenoli, na Ulaya wanaihesabu katika vitu vinavyoweza kudhuru ngozi za baadhi ya watu. Kwenye sabuni ya kuoshea ikizidi asilimia 0.01, jina lake lazima liandikwe kwenye lebo. Basi kukisia kwa kijiko kumekwisha. Pima kwa mzani, andika daftarini, sabuni ya Januari iwe sawasawa na ya Juni. Mteja wa Paje akiona rangi imebadilika anakuuliza, unamweleza, yanaisha. Wa Ujerumani hakuoni wewe, anaona karatasi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mwani wenyewe. Unavunwa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana; wakati wa maji mafu, yasipokupwa sana, kina mama hawaendi shambani. Masika haukauki vizuri. Ukiahidi mzigo kila mwezi, Aprili utautoa wapi? Omba tarehe zifuate bamvua, na uweke akiba ya mwani mkavu kabla mvua hazijaanza.

Pesa nazo. Umesema anataka kulipa siku 60 baada ya kupokea mzigo. Tangu mwisho wa 2023 meli nyingi zimekuwa zikiikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kwa hiyo hizo 60 zinaanza kuhesabiwa baada ya safari ndefu. Kina mama wanaokuuzia mwani hawawezi kungoja hivyo, wana watoto wa kulisha. Dai nusu mbele. Akikataa, punguza mzigo.

Na usiwaache wa nyumbani. Miaka ya 1970 Indonesia ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa wa karafuu, kwa ajili ya sigara zao. Wakapanda mikarafuu yao mpaka wakajitosheleza, na miaka ya 1980 bei ikaporomoka. Pemba iliumia, mwanangu, babu yako aliyaona. Ndiyo maana sitaki Mjerumani achukue zaidi ya nusu ya sabuni zako, hata akiongeza bei.

Mkataba usiutie saini bado. Nitumie nakala, mjomba wako wa Chake Chake ausome, hasa pale panapoeleza nani analipa mzigo ukirudishwa.

Mama yako