Msomaji auliza: Timbo letu limejaa maji, laweza kuwa kama Haller Park?

SWALI: Shikamoo mhariri. Huku kwetu Kikambala kuna timbo la zamani, watu walikuwa wanakata mawe ya kujengea, sasa limeachwa na chini kuna maji mwaka mzima. Vijana wanaogelea humo, wazee wanataka lifukiwe, mimi naona tutie samaki na tupande miti iwe kama Haller Park, ile bustani ya wanyama kule Bamburi, Mombasa, iliyokuwa timbo. Inawezekana au najidanganya?

JIBU: Marahaba. Inawezekana, ila watu wakienda Haller wakiona viboko na yale mabwawa wanadhani maji ndo ilikuwa kazi, kumbe maji yalikuwa hapo hapo chini. Kiwanda cha simenti Bamburi kilianza 1954, wakachimba mwamba wa matumbawe mpaka wakakaribia maji ya ardhini, kwa hiyo ukichimba kidogo tu ushapata bwawa, tena la maji ya chumvichumvi. Shida ilikuwa udongo, haukuwepo kabisa! René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alipoanza kupanda miti humo 1971 alijaribu miti aina 26, baada ya miezi sita zilibaki 3 tu, mmojawapo mvinje, maana mvinje unavumilia chumvi na kwenye mizizi yake kuna bakteria wanaovuta naitrojeni ya hewani ikawa mbolea. Lakini majani yake yakidondoka yalikuwa hayaozi, yanarundikana tu, mpaka wakaletwa majongoo, wale wakubwa wa miguu myekundu, wakayatafuna na kinyesi chao ndo kikawa udongo (kwa hiyo ukimwona jongoo usimkanyage bwana). Hapo ndo miti mingine ikashika, na wageni wakaanza kuruhusiwa kuingia 1984. Yule kiboko Owen aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya 2004, akaletwa hapo Haller na akawa rafiki wa kobe Mzee, alikuta msitu ushakomaa zamani.

Kwa hiyo nyinyi anzeni na mivinje ukingoni, samaki baadaye, na kabla ya kununua vifaranga pimeni chumvi ya hayo maji, perege wanavumilia kiasi lakini si chochote tu. Kuogelea hapana, hapo niko na wazee, timbo kuta zake zimesimama wima na kina kinaanza ghafla, mtoto akichoka hana pa kushika. Wekeni ua.

Halafu ulizeni mapema shamba ni la nani kwa maandishi, maana miti ikishaota wenyewe watajitokeza wengi tu.