Maji ya tangi la samaki yakiwa meupe, usiyamwage

Wafugaji wapya wa samaki wa mapambo hapa Kampala hunipigia simu na shida ileile: tangi lilijazwa wiki iliyopita, maji yalikuwa maangavu, leo yamegeuka kama maji ya kuoshea mchele. Wengi wanapiga wakiwa wameshashika ndoo. Ndugu yangu, weka ndoo chini kwanza.

Chota maji hayo kwenye glasi, uyaache mezani usiku kucha. Asubuhi ukikuta vumbi limetuama chini, hilo ni la mchanga au changarawe isiyooshwa vizuri. Mchanga wa ujenzi, hata ule mzuri wa Lwera, huoshwa ndoo baada ya ndoo mpaka maji ya juu yawe safi kabisa. Lakini yakibaki meupe bila kutuama, hao ni bakteria wanaoelea.

Bakteria hao wenyewe si hatari. Wamejaa kwa sababu wamepata chakula, na tangi bado changa. Wale unaowahitaji hujishikiza kwenye sponji ya filta na kwenye changarawe, wakigeuza amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi na mabaki, kuwa nitriti, nayo ni sumu, kisha nitrati ambayo samaki huivumilia. Huwachukua kama wiki 4 hadi 6 kuenea vya kutosha. Wanaoelea hupungua wenyewe, mara nyingi ndani ya siku chache. Ukimwaga maji yote na kusugua kila kitu, umewarudisha wote mwanzo.

Mimi hupunguza chakula kabla ya jambo lolote. Wape kile wanachomaliza ndani ya dakika 2, basi. Kisha inua mawe: mara nyingi chini yake utakuta punje za chakula zilizovimba, zimeota utando mweupe kama pamba. Zinyonye kwa mpira wa maji. Hesabu samaki pia, maana samaki wa dhahabu huchafua sana, na wanne kwenye tangi la lita 40 ni wengi mno.

Maji ya kubadilishia yawe robo ya tangi, si zaidi. Maji ya bomba yana klorini, dawa ya kuua vijidudu, nayo huua bakteria wako na kuunguza matamvua ya samaki. Yachote leo kwenye beseni pana, uyatumie kesho. Ukiyaacha kwenye jerikani lililofungwa mfuniko, klorini haina pa kutokea. Sponji nayo usiioshe bombani. Ikamue ndani ya maji uliyoyatoa tangini mpaka tope la kahawia lipungue, kisha uirudishe hivyohivyo, hata kama bado ina rangi.

Umeme nao una sehemu yake. Ukikatika saa nyingi, filta ya nje iliyofungwa huishiwa oksijeni na bakteria wake hufa. Ukirudi, filta inamwaga uozo huo moja kwa moja kwa samaki. Baada ya giza refu, ifungue na kuisuuza kabla ya kuiwasha.

Maji ya kijani ni habari nyingine: huo ni mwani, na chanzo chake kikubwa ni mwanga. Sisi tuko kwenye Ikweta, mchana una urefu wa karibu saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo tangi lisikae dirishani. Taa kuwaka kwa muda wa saa 8 kwa siku kunatosha. Rangi ya chai inayotoka kwenye gogo la mapambo iache tu.

Subira yote hii ina mpaka. Samaki wakipanda juu na kuhema midomo wazi, matamvua yakipiga haraka, amonia imepanda au hewa imepungua. Badilisha nusu ya maji saa hiyohiyo, washa pampu ya hewa, na siku hiyo usiwape chakula. Hutakuwa na nafasi ya kungoja klorini ipae, ndiyo maana beseni la maji yaliyokwisha kukaa huwa nalo tayari kila wiki, hata tangi likiwa safi.