Usingizi wa Ugenini

Swali: Shikamoo shangazi. Nauza dagaa, nasafiri kwa treni Kigoma hadi Tabora. Njiani silali, na nikifika gesti nakesha pia. Nifanyeje? – Msomaji, Ujiji

Jibu: Marahaba mwanangu. Nimepita reli hiyo miaka mingi nikifuata biashara ya mawese, najua unavyochoka.

Huna ugonjwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kwamba usiku wa kwanza ugenini, upande wa kushoto wa ubongo hulala kwa machale. Ukisikia mlango tu, macho! Basi upe ubongo kitu unachokijua. Mimi hubeba khanga niliyoilalia nyumbani, bila kuifua. Naifunika usoni, harufu yake inanituliza. Pesa naifunga kiunoni, ndani ya nguo, maana roho ikiwa kwenye pochi hulali.

Chai ya rangi iishie mchana.

Gesti, omba chumba cha nyuma, mbali na baa. Kagua chandarua kabla hujalipa. Kikiwa na tundu, likusanye kwa vidole ulifunge fundo kwa uzi, kisha kichomeke chini ya godoro pande zote. Malaria ya safarini ilinilaza wiki mbili mwanangu, usidharau.