Jibu: Nimepunguzwa kazi ghafla, usingizi hauji

Pole sana ndugu. Umesema unakesha ukipiga hesabu za kodi na ada, na mkeo bado hajui. Kuambiwa "tulia" hakusaidii kitu. Ukishtuka usiku, vuta pumzi puani, kisha itoe taratibu kuliko ulivyoivuta. Mapigo ya moyo hushuka. Dakika chache tu zatosha. Hesabu zisubiri mchana, uziandike kwenye daftari.

Nenda NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa Tanzania) uulizie fao la kukosa ajira. Kama umechangia angalau miezi 18 na hukuacha kazi mwenyewe, ni theluthi ya mshahara kwa miezi 6. Wengi hawalijui (waajiri nao kimya!). Mkeo mwambie leo, asije akasikia mtaani. Hilo la kumwambia mkeo ndilo litakalokurudishia usingizi.