Nimepata kazi ya kufundisha Ujerumani, nianzie wapi?

SWALI: Habari yako mwalimu. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miaka 4, naishi Umoja, nafundisha Kiswahili chuoni, ile kazi ya kulipwa kwa vipindi, na pesa inaweza kuja leo ama mwaka ujao. Sasa nimepata kontrakti ya miaka 2 kwa chuo kikuu kimoja Ujerumani, naanza tarehe 1 Oktoba. Mzee wangu anasema nitangulie peke yangu, mamangu anasema nisithubutu kuacha mtoto. Kijerumani changu ni cha salamu tu. Na kitu inaninyima usingizi kusema ukweli ni hao wanafunzi, nikisimama mbele yao si wataniona mimi ni nani?
Mama K., Umoja

JIBU: Pongezi Mama K.! Wacha nianze na hilo la mwisho. Hofu yako si mpya, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alienda Berlin mwaka wa 1900 kufundisha Kiswahili na akakutana na wanafunzi waliomdharau kwa sababu ya rangi yake. Lakini hiyo ilikuwa enzi ya ukoloni. Wako wamechagua Kiswahili wenyewe, wanakuja wakitaka uwasikie wakitamka ng'ombe vizuri. Ila usingoje wasimame ukiingia. Na watakubishia, mtu atakuambia mbele ya wenzake hakubaliani na wewe, halafu somo likiisha anakusaidia kubeba vitabu, hana kinyongo kabisa.

Mimi nilipofundisha huko, siku yangu ya kwanza somo limeandikwa saa nne, nimefika saa nne kasoro kumi, nimefuta ubao mara mbili, saa nne kamili niko mimi na viti. Saa nne na dakika tano, hakuna mtu. Nikajua basi, nimegomewa. Saa nne na robo wakaingia wote pamoja, wametulia kama watu wa kanisani. Kumbe kwa ratiba yao ukiona herufi c.t. somo linaanza robo saa baadaye, na hakuna aliyeniambia kwa sababu kwao nani hajui hiyo. Tukamaliza dakika zetu 90 wakaanza kugonga meza na vifundo vya vidole, nikasema sasa ndio wananifukuza. Ndio makofi yao. Na maksi zimepinduliwa, 1 ndiyo bora, 4 amepita kwa kuchechemea, 5 ameanguka, kwa hivyo usimpe mwerevu wako 5 ukidhani umemsifu.

Kazi iko kwa makaratasi, si darasani. Ukishahamia nyumba una wiki 2 za kujiandikisha kwa ofisi ya mji, na wanataka fomu iliyosainiwa na landilodi. Baada ya hapo namba yako ya ushuru inakuja kwa posta, barua ya karatasi kabisa, na kama jina lako halijabandikwa kwa sanduku la barua pale mlangoni hupati kitu. Mimi nilikaa wiki tatu nikilaumu watu wa ushuru bure, sanduku bado lilikuwa na jina la mpangaji aliyehama. Bila hiyo namba unaweza kukatwa ushuru wa daraja la juu kabisa, utarudishiwa baadaye sawa, lakini hiyo baadaye hailipi kodi ya nyumba.

Na kwa nyumba uliza kama iko na jikoni, sitanii. Nyumba nyingi za kupanga huko unapewa bila sinki, bila makabati, bila jiko, unakuta mabomba yametokeza ukutani na waya, aliyehama amehama nazo. Deposti inaweza kufika kodi ya miezi 3 lakini sheria inakuruhusu ulipe kwa awamu 3, sema hivyo mapema bila kuona haya. Mshahara unaingia mwisho wa mwezi, kwa hivyo Oktoba yote unakula pesa uliyotoka nayo Nairobi. Halafu itakuja barua ya ada ya redio na TV, euro 18.36 kwa mwezi kila nyumba, uwe na TV usiwe nayo. Si matapeli, lipa. (Na HELB, wale wa mikopo ya masomo, pia usiwatoroke, tafadhali.)

Kuhusu mtoto mimi niko upande wa mzee, lakini kwa miezi 3 ama 4 tu, mpaka upate nyumba na nafasi ya chekechea. Kisheria mtoto ana haki ya hiyo nafasi, kuipata sasa ndio foleni. Mzee naye asikae bure, aanze Kijerumani saa hii pale Goethe, Maendeleo House, kwa sababu visa ya mwenzi inaweza kudai cheti cha A1, kile cha ngazi ya kwanza, kutegemea kibali chako. Ukipewa ile Blue Card, ama kibali kingine cha wataalamu, hicho cheti hakidaiwi, kwa hivyo uliza chuo mapema unaenda na kibali gani. Wewe pia ingia naye darasa.

Kitu cha mwisho ni saa. Nairobi itakuwa mbele kwa saa 1, kisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma inakuwa 2. Mtoto akienda kulala saa mbili usiku Umoja, kwako ni saa kumi na mbili jioni, kwa hivyo waambie wanaopanga ratiba mapema kwamba hutaki vipindi vya jioni. Mimi nilikubali kimoja cha Jumanne nikidhani naonyesha bidii, na semista nzima kila Jumanne nikipiga simu naambiwa ameshalala.