Jibu: Betri ya basi haijai ingawa jua ni kali

Ndugu, umesema paneli ya sola ya basi lako ni ya wati 200, kontrola (kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri) inaonyesha volti 14.4 mchana, ila asubuhi betri inasoma 11.8 na friji imezima. Usikimbilie kununua betri mpya.

Jua likiwa kali, chukua mita ya volti upime kwenye skrubu za kontrola zinazokwenda kwenye betri, kisha upime kwenye vichwa vya betri yenyewe. Ukikuta 14.4 huku na 13.5 kule, karibu volti nzima inapotelea njiani: waya mwembamba, mrefu, au kiungo kilicholegea. Kontrola inadhani betri imejaa, inapunguza chaji mapema. Kwangu kilikuwa kishikio kimoja tu cha upande wa hasi. Nilikigusa nikautoa mkono haraka, plastiki yake imeshageuka kahawia. Basi linatikisika, nati hulegea zenyewe. Sogeza kontrola karibu na betri, weka waya mnene, na fyuzi upande wa chanya, karibu kabisa na betri.

Volti zikilingana, jaza betri kwa chaja ya ukutani, chomoa kila kitu, iache usiku kucha. Betri ya asidi iliyojaa hukaa karibu 12.7. Ikishuka hadi 12.2 bila kifaa chochote kuitumia, hiyo imechoka. Isiposhuka, friji inakula kuliko paneli inavyoleta, hasa kama unaegesha chini ya mti (kivuli cha tawi moja kinatosha kupunguza sana umeme wa paneli).

Ukifungua nyaya, anza na za paneli. Ukirudisha, za paneli ziwe za mwisho.